Majina Kwanza, Picha Baadaye

Bendi inayojitegemea, isiyo na kampuni kubwa nyuma yake, ikisha kurekodi nyimbo zake nane au kumi hubakiwa na fedha kidogo na swali moja: jalada la albamu hii liweje? Siku hizi swali hilo hujibiwa upesi mno. Hutafutwa kijana mwenye kompyuta, hupigwa picha ya waimbaji wawili wameegemea gari la kuazima, huwekwa maandishi ya rangi ya dhahabu, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Mpiga besi hatajwi. Aliyetunga maneno ya wimbo wa tatu hatajwi, na kijana mwenye kompyuta naye hatajwi. Tunalizungumza jambo hili kwa sababu linagusa haki za watu, na hasara yake huonekana miaka mingi baadaye, wakati ambapo haiwezi kurekebishwa tena.

Wasomaji wetu wa makamo watazikumbuka santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Bendi zetu kama vile Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, au Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, zilifika majumbani kwa santuri za namna hiyo, ambazo nyingi zilitengenezwa Nairobi. Jalada lake aghalabu lilikuwa bahasha ya karatasi yenye tundu katikati, na kupitia tundu hilo mnunuzi alisoma lebo: jina la wimbo, jina la bendi, na mara nyingi jina la mtunzi. Bahasha ile ilikuwa rahisi na ilizuia vumbi, wala hatuidharau. Lakini lebo yenyewe haizidi kiganja cha mtu mzima, na walioachwa nje yake ni wengi. Leo ukiuliza ni nani aliyelicharaza gita la solo katika wimbo fulani wa miaka ya 1960, utawaendea wazee wawili nao watakupa majina mawili. Mjane wa mpigaji huyo hana karatasi ya kuonyesha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inawatambua watunzi, na inawatambua pia wale wanaopiga na kuimba. Hata hivyo sheria haina njia ya kumsaidia mtu ambaye haijulikani kama alikuwapo studioni siku ile.

Wako wanaotujibu kwamba jalada zuri halihitaji maandishi, nao hutoa mfano mashuhuri kutoka Uingereza. Mfano huo yafaa uangaliwe vizuri.

Mwezi Juni 1979 bendi ya Joy Division ya mjini Manchester ilitoa albamu yake ya kwanza, Unknown Pleasures, chini ya Factory Records, kampuni changa ya marafiki wachache. Msanifu wa jalada, Peter Saville, alikuwa na umri wa miaka 23. Wanabendi wenyewe ndio waliomletea mchoro walioukuta katika ensaiklopidia ya elimu ya nyota: mistari myembamba inayopanda na kushuka mfano wa safu za milima. Walitaka jalada jeupe. Yeye akageuza, mistari ikawa myeupe juu ya weusi. Upande wa mbele hapana jina la bendi wala la albamu. Uzuri wake haubishaniwi, na mchoro huo umechapwa juu ya fulana zisizo na idadi, zikivaliwa na wengi ambao hawajapata kuisikia bendi hiyo hata siku moja.

Lakini mistari ile ilikuwa na wenyewe. Ni mapigo ya mawimbi ya redio kutoka kwa nyota iitwayo CP 1919, iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa Cambridge. Mchoro wenyewe ulitoka katika tasnifu ya Harold Craft ya mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Vipimo vilichukuliwa kwa mtambo wa Arecibo, Puerto Rico, na mchoraji mmoja wa kike wa chuoni hapo akaipitisha mistari kwa wino. Craft hakuulizwa. Alipopata habari, albamu ikiwa imekwisha kuenea, alikwenda dukani akajinunulia nakala. Yule mwanamke wa wino hutajwa katika masimulizi kwa kazi yake tu. Bell naye aliachwa nje ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974, iliyotolewa kwa ugunduzi huo huo. Labda nyota ile ina nuksi na majina ya watu.

Kuna na upande wa gharama. Baada ya kifo cha mwimbaji wa Joy Division mwaka 1980, waliobaki waliunda New Order, na mwaka 1983 wakatoa Blue Monday katika jalada lililokatwa matundu kwa mfano wa diski ya kompyuta, majina yakiwa yamefichwa katika vipande vya rangi. Santuri iliuzika mno, lakini waliohusika wamesimulia kwamba nakala za mwanzo ziliuzwa kwa hasara kwa sababu ya jalada hilo, ingawa hawakubaliani juu ya kiasi. Factory ilifilisika mwaka 1992. Hatusemi kwamba jalada ndilo lililoiua. Mambo yalikuwa mengi. Tunasema tu kwamba bendi ya mtaani kwetu haina kifua cha kubeba mzaha wa namna hiyo.

Leo jalada kwa wasikilizaji wengi ni mraba mdogo katika simu, na hapo mtu anaweza kusema nafasi ya majina imekwisha kabisa. La hasha. Fomu ambazo bendi huzijaza ili nyimbo zipelekwe kwenye mitandao ya muziki mara nyingi zina mahali pa mtunzi, wapigaji na fundi wa sauti, na kila rekodi hupewa namba yake ya ISRC yenye herufi na tarakimu 12. Mahali hapo huachwa wazi kwa uvivu mtupu. Tunawasihi viongozi wa bendi wapatane kwa maandishi na msanifu wa jalada juu ya malipo yake na mwenye mchoro, na orodha ya wapigaji iandikwe studioni usiku ule ule wa kurekodi. Mpiga tarumbeta aliyekodiwa kwa wimbo mmoja huondoka na basi la alfajiri, na kabla ya mwaka kwisha namba yake ya simu haipatikani.