Acheni kunakili /dev ya PC kwenye flashi ya MB 4!

Niko kimbwetani, betri ya laptop inakata roho, lakini hili lazima nilitoe leo.

Wiki iliyopita mshikaji wangu alikuwa anajiandaa kuwasilisha projekti ya mwaka wa mwisho: bodi ndogo ya Linux inayopima maji kwenye tanki na kutuma SMS kwa modemu ya USB. Saa nane usiku bodi ikagoma. Flashi imejaa! Tukafuta logi, ikajaa tena. Kumbe mchawi yuko ndani ya /dev.

Alikuwa ametengeneza mafaili ya vifaa kwa mkono, mknod moja baada ya nyingine, kwa kufuata zile fotokopi tunazorithishana tangu enzi za babu. Akasahau ttyUSB0. Skripti yake inaandika kwa alama ya > kwenda /dev/ttyUSB0, sasa kwa kuwa hakuna kifaa chenye jina hilo, sheli ikaunda faili la kawaida na kulimwagia data siku tatu mfululizo. SMS hakuna, na yeye anadhani salio limeisha. Duh!

Halafu kuna kundi lingine lililokimbilia upande wa pili: wakabeba /dev nzima ya PC, mafaili kama 600 hivi. Wanajitetea eti faili la kifaa halina uzito. Ni kweli halina data, limebeba namba mbili tu (/dev/null ni 1 na 3), lakini kila moja linakula ainodi yake. Picha ya ext2 ya MB 4 kwa mpangilio wa kawaida ina ainodi 1,024 tu. Ukigusa kidogo inakwambia nafasi imeisha wakati df inaonyesha ipo! Jaribu df -i uone maajabu.

Na nyie mnaotaka kushindilia udev humo, jamani... udev ni nzuri kwenye laptop yako. Hifadhidata yake ya vifaa peke yake siku hizi inaweza kuizidi hiyo flashi yote.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lipo tangu 2009. Keneli 2.6.32 ilikuja na devtmpfs: keneli yenyewe inaunda mafaili ya vifaa kwenye RAM, kifaa kikichomekwa faili linatokea, kikichomolewa linaondoka. Flashi haiguswi. Washa CONFIG_DEVTMPFS na CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT, basi. Ruhusa na majina waachie mdev, ambayo imo ndani ya BusyBox mliyonayo tayari: mdev -s wakati wa kuwaka, sheria zako kwenye /etc/mdev.conf. Anayetumia initramfs ajue ile MOUNT haimsaidii, aipandishe devtmpfs mwenyewe kwenye skripti ya init na aache faili la /dev/console humo, la sivyo atakaa anatazama skrini kimya.

Kuna watakaosema mafaili ya mkono hayana shida kama kifaa kimefungwa na hakichomekwi kitu. Sawa, hapo nakubali, hata mimi ningeweka kumi nikalala. Lakini projekti zetu karibu zote zina modemu!

Na hata kwenye devtmpfs, modemu ikiwa haipo ile > itaunda faili la kawaida vilevile, safari hii kwenye RAM. Ukizima bodi linapotea, ila data yako nayo imekwenda. Kwa hiyo pima kwanza kwa [ -c /dev/ttyUSB0 ] kabla ya kuandika. Mstari mmoja tu, kha!

Mshikaji kapewa wiki moja ajipange upya. Ile fotokopi nimeichana ukurasa wa mknod. Mwenye bodi inayomsumbua aje nayo kesho jioni hapa hapa kimbwetani, na kebo yake ya seriali, yangu imeshachukuliwa.