Oili ni oili? Muulize shangazi yangu

Wiki imekatika, mfukoni hamna kitu, lakini tunapumua. Leo sina la mapenzi wala la mitindo ya nywele. Leo naleta kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Kwetu ni Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Pale nyumbani kuna Land Rover 109 ya marehemu babu, ile Series III. Babu alipotutoka, gari likabaki chini ya mparachichi miaka kadhaa mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye siti ya dereva. Baba mkubwa akaitisha kikao, akasema liuzwe kwa wale wa chuma chakavu. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

"Baba mkubwa, naomba miezi sita tu. Nitalitengeneza."

Akanitazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Wewe? Uliyeleta F ya Fizikia?"

Watu wakacheka. Lakini bibi akasema nipewe, nikapewa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepandwa na homa. Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover hapa Arusha. Nilisimama juani nikitazama ule msururu, mpya na kuukuu, nyingine za safari, nyingine za kubebea mbuzi na magunia. Nikajiambia, ya babu nayo siku moja itakuwa humo.

Kwa asiyejua, Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Bodi ilitengenezwa kwa alumini kwa sababu baada ya vita Waingereza walikuwa na shida ya chuma. Series III ilitoka 1971 ikaisha 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka 40. Ukiiona bodi haina kutu usidanganyike. Chesesi iliyo chini ni chuma, na raba zilizo ndani ya mitambo huzioni kabisa. Gari linang'aa juu, ndani limezeeka.

Basi nikaanza na injini. Vijana wote tunaanza na injini, maana ndiyo inayopiga kelele. Nikasafisha pointi, nikabadili plagi, nikafumua kabureta. Filta ya hewa ya gari hili ni ile ya bakuli la oili, vumbi linanaswa kwenye oili chini. Nilipofungua nilikuta matope ya kujengea tanuri. Nikaosha, nikaweka oili mpya. Siku injini ilipowaka moshi ulitanda, kuku wakakimbilia migombani, na mimi nikajiona bab kubwa.

Kimbembe kikaja kwenye breki. Pedali ilikuwa inazama. Nikafungua kikopo cha oili ya breki, nikakuta kimepungua karibu nusu. Sasa sikiliza akili yangu. Mezani palikuwa na dumu la oili ya injini iliyobaki. Nikawaza, hii oili, na ile inaitwa oili ya breki. Oili ni oili. Nikajaza mpaka mstari wa juu, nikafunga, nikaenda kuoga. Pedali ikapanda kidogo. Nikapiga mluzi.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru. Tukapakia mikungu ya ndizi, binamu zangu wawili wakakaa juu yake, shangazi akakaa mbele na mimi. Hakuwa amepanda gari lile tangu babu afariki. Akapapasa dashibodi, akasema, "Hata harufu ni ya baba."

Tukaanza kuteremka. Baada ya muda harufu ikabadilika, kitu kinaungua. Nikadhani ni klachi. Gari likawa zito, kana kwamba kuna mtu analivuta nyuma. Nilipokanyaga breki mara ya kwanza pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Mara ya tatu ikazama hadi sakafuni, ikabaki hukohuko.

Msomaji wangu, usiombe. Mbele kona, upande mmoja migomba, upande mwingine korongo, na chini barabarani kuna akina mama wamejitwisha mizigo kichwani. Nikapiga gia ya pili, injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Nikavuta hendibreki kwa mikono yote miwili. Mwendo ukapungua, nikalipeleka gari kwenye ngema ya upande wa migomba, likasugua, likasimama. Ndizi zikamwagika barabarani. Binamu mmoja akapata mchubuko wa kiwiko. Basi, ni hayo tu, Mungu mkubwa.

Shangazi hakupiga kelele. Alishuka, akafunga kanga yake vizuri, akaanza kuteremka kwa miguu. Hakugeuka nyuma. Afadhali angenitukana.

Jioni baba mkubwa akatoa hukumu kwamba chuma chakavu ni Jumatatu. Nikakimbilia kwa mzee jirani, fundi mstaafu aliyezeeka na haya magari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari zako. Lete hicho kikopo."

Akachota kidogo kwa kijiti, akadondosha kwenye glasi ya maji. Matone yakaelea juu, yanang'aa. Akachukua oili halisi ya breki kutoka kabatini mwake, akadondosha kwenye glasi ya pili. Ikachanganyika na maji, ikapotea.

"Uliweka nini?"

"Oili ya injini, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ulitaka kutuitia matanga."

Akanifundisha, nami nakupa bure. Ile tunayoita oili ya breki siyo oili ya kulainisha. Ni maji ya aina yake, yametengenezwa yasidhuru raba za breki. Oili ya injini ikikutana na raba hizo zinavimba, zinalegea kama mkate kwenye chai. Kwanza zinaziba njia ya kurudisha presha, breki zinabaki zimekamata, magurudumu yanachemka. Ile harufu ilikuwa breki, siyo klachi. Halafu raba zinakunjika, presha inapotea, pedali inazama. Na gari la babu lina njia moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo likikataa moja yamekataa yote.

Kilichotuokoa ni hendibreki. Kwenye Series haikamati magurudumu. Inakamata dramu iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye propela shafti, na inavutwa kwa vyuma, haina oili ndani. Ila mzee akanionya kwamba imewekwa kwa ajili ya gari lililosimama. Ukiivuta kwenye mwendo unaweza kuvunja ekseli. Ile ni ya siku ya kufa tu.

Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Oili ya breki hainyweki kama ya injini. Ikipungua, kuna inakokwenda. Usijaze kabla hujajua inakokwenda." Maana yake ama breki shuu zimeisha, ama kuna mahali panavuja. Pa kwetu palikuwa panavuja gurudumu la nyuma. Kwa hiyo hata ningejaza oili halali, ningekuwa nimefunika ugonjwa tu.

Mzee mwenyewe akaenda kumwomba baba mkubwa. Nikapewa mwezi mmoja na onyo.

Kazi ikawa hivi. Tukapandisha gari kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo mapana, maana chini ya jeki tupu haingii mtu mwenye akili. Vumbi la ndani ya dramu hatukulipuliza. Breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto, na ile inaua mapafu polepole. Tukafuta kwa kitambaa kilicholowa. Gari la 109 lina silinda sita za breki, mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja moja nyuma. Tukafungua zote sita na masta silinda, tukatupa kila raba. Tukatupa na hosi tatu za raba. Mirija ya chuma tukaisafisha kwa spiriti mpaka ikatoka safi, siyo kwa petroli, maana petroli nayo inaharibu raba.

Hela yote niliyokuwa nadunduliza ninunue simu iliishia kwenye duka la spea mjini. Wacha iende.

Kisha tukajaza oili halisi kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi usilitumie, inanyonya unyevu hewani, na oili yenye maji ikipata moto kwenye mteremko inachemka, breki zinapotea. Hiyo ndiyo sababu inafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama haijapungua. Tukatoa upepo, binamu anakanyaga pedali, mimi niko chini na mpira na chupa, tukianza na gurudumu la mbali kabisa na masta silinda. Mwisho tukakaza breki shuu kila gurudumu mpaka likagoma kuzunguka, kisha tukalegeza taratibu likawa huru.

Wiki nzima nilijaribu kwenye uwanja tambarare tu. Kila jioni naweka kiganja kwenye kila gurudumu kusikiliza joto, na kila asubuhi natazama kikopo. Hakijashuka.

Jumamosi iliyopita shangazi alikuwa barabarani na mkungu wake. Nikasimama hatua kumi kabla ya kumfikia, makusudi, aone linasimama. Akatazama magurudumu, akanitazama mimi.

"Umeweka nini safari hii?"

"Ya breki, shangazi. Ya kwenye kopo."

Akapanda. Mkono mmoja ulishika kitasa cha mlango toka Nkoaranga hadi Tengeru, na hakuongea neno. Tulipofika akashuka, akaniachia ndizi tatu kwenye siti.

Basi wewe mshikaji mwenye gari la babu chini ya mti, nakuomba usianze na kinachoondoa gari. Anza na kinacholisimamisha. Injini ikigoma utalala njiani, lakini breki zikigoma watalala wengine.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo nitawaambia kile kinobu cha njano na ile gia ndogo nyekundu kazi yake nini, na kwa nini hutakiwi kuvichezea kwenye lami. Tuwe salama.