Rangi ya Mwanga wa Tochi Nayo Ina Kazi Yake



Kila msimu unapokaribia na mazungumzo ya kununua tochi yakaanza, maswali huwa mawili tu: ipi ina mwanga mkali zaidi, na bei yake kiasi gani. Mtu akithubutu kuuliza mwanga wenyewe ni wa rangi gani, wa manjano au mweupe, huchekwa na kuambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Sisi twaona methali hiyo haikutiwa mahali pake. Ni kweli mkulima hodari hulima kwa jembe alilo nalo. Lakini hatujapata kumwona mkulima hodari akienda kupalilia kwa shoka. Kila kazi na chombo chake, na mwanga nao ni chombo.

Neno hili lilitukaa moyoni zaidi baada ya kutembelea wenzetu wa Bara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Tulikwenda kwa habari ya kahawa, wala si kwa habari ya tochi. Lakini mkulima akikaa na wakulima hujifunza hata yale asiyoyafuata, na usiku wa huko ulitufunza mambo matatu ambayo twaona yafaa kuletwa mbele yenu.

La kwanza ni kahawa yenyewe. Nyanda za juu za Tarime zina ubaridi na mvua, na huko hulimwa kahawa ya arabika pamoja na migomba na mahindi. Kahawa, kama karafuu, haimngoji mtu. Tunda lililochumwa jekundu lataka kumenywa siku ile ile, ama sivyo huanza kuchacha na kuharibu ladha. Kwa hiyo jua huchwa na kazi ya kuchagua bado ipo, na tochi huwashwa. Sasa, kwa tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa siku hizi, zenye mweupe ulioelekea samawati, tunda lililoiva barabara huonekana limefifia kama lililokufa, na lile lililoiva nusu halipambanuki nalo vizuri. Mbichi likiingia ndani ya mbivu, hasara ni ya mwenye kahawa, si ya mwenye duka la tochi.

La pili ni ng'ombe. Katika wilaya hizo mbili ng'ombe ni mali, ni mahari, na ni heshima ya nyumba. Mfugaji humjua mnyama wake kwa rangi, kwa madoa, kwa pembe na kwa alama. Wizi wa mifugo umewasumbua watu wa huko kwa miaka mingi, nao wezi hupenda giza. Fikirini basi watu wanafuata nyayo usiku, wanafika penye zizi, wanamulika. Ng'ombe mwekundu akipigwa na mwanga usio na wekundu ndani yake huonekana kama wa kijivu. Hapo mmoja atasema "ndiye", na mwingine "siye", na neno moja kati ya hayo laweza kumtia mtu asiye na hatia katika balaa kubwa. Rangi ya tochi hapo si anasa tena. Ni haki ya mtu. Shauri letu kwa mtu yeyote mwenye tochi asiyoiamini ni kungoja alfajiri kabla ya kunyosha kidole.

La tatu ni tembo. Ukielekea Mugumu na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, utawakuta wakulima wanaokesha shambani mahindi yanapokomaa. Huko mlinzi hana haja ya kujua rangi ya kitu. Ataka mwanga uendao mbali, apate kumwona mnyama kabla hajamkaribia. Na tembo mwenyewe hajali mwanga wa manjano wala wa samawati ukoje kwa uzuri: machoni mwake mna aina mbili tu za chembe za kuonea rangi, hali sisi tunazo tatu, na nyekundu na kijani hazimpambanukii. Linalomshtua ni ukali na mwako wa ghafla. Basi huyo mlinzi akichagua tochi kwa ukali wake, amechagua vyema. Hata hivyo tochi si ngome. Tembo huua watu, na wenyeji watakwambia: kaeni pamoja, msimsogelee, mwachieni njia ya kuondokea, na waiteni askari wa wanyamapori mapema.

Mmoja atauliza, iweje mwanga mweupe ufiche rangi? Jibu si gumu. Koroboi, chemli na balbu ya tochi ya zamani hutoa mwanga kwa joto, na mwanga wa joto una rangi zote ndani yake, ingawa samawati huwa haba. Ndiyo maana chini ya chemli nyekundu hupendeza, lakini nyeupe na manjano hafifu hufanana. Tochi za leo za LED hufanya kazi kwa njia nyingine. Kitaa chenyewe hutoa samawati, na samawati hiyo hupita katika unga wa manjano. Viwili vikichanganyika, jicho huona mweupe. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, ndio waliopewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua kitaa hicho cha samawati. Ni kazi kubwa, na imepunguza gharama ya mafuta ya taa katika nyumba nyingi. Lakini unga ukiwa wa bei rahisi, wekundu huwa kidogo ndani ya mwanga, na kitu chekundu hakina cha kurudisha machoni.

Yafaa hapa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo moja ni sura ya mwanga wenyewe, yaani umanjano au weupe wake. Huu hupimwa kwa Kelvini: mshumaa karibu 1,900, balbu ya zamani karibu 2,700, jua la mchana karibu 5,500, na tochi nyingi za leo 6,000 na zaidi. Tena tochi mbili zenye Kelvini sawa zaweza kutofautiana, moja ikaelekea kijani na nyingine waridi. Jambo la pili ni uaminifu wa mwanga katika kuonyesha rangi za vitu. Huo huandikwa kwenye boksi kwa herufi CRI, na ukomo wake ni 100. Tochi ya kawaida ya LED huwa karibu 70; iliyo njema hufika 90 na kupita. Mwanga waweza kuwa wa manjano wa kupendeza na bado ukasema uongo, na waweza kuwa mweupe ukasema kweli.

Katika lile jambo la kwanza hatuna ugomvi na mtu. Wazee wetu wengi hupenda umanjano kwa kuwa umefanana na chemli na hauumizi macho. Vijana hupenda weupe, wakisema ndiyo nguvu. Mtaalamu mmoja Mholanzi, A. A. Kruithof, aliandika mwaka 1941 kwamba mwanga ukiwa hafifu watu hupendezwa zaidi na wa manjano, na ukiwa mkali huuridhia mweupe. Wengine baada yake wamelipinga hilo, nasi hatutaliamua hapa. Nyumbani kwako, ukumbini kwako, washa upendavyo.

Lakini katika jambo la pili twasimama imara, kwa sababu linagusa mfuko wa kila mwanachama. Tazameni kazi yetu ya usiku hapa visiwani. Tumechuma mchana kutwa, jioni twakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Mvua ikitishia, twaanua majamvi gizani na kutia magunia kwa haraka. Karafuu iliyokaushwa sawasawa ni ya hudhurungi. Ile iliyorundikwa mbichi ikavunda hugeuka nyeupe-nyeupe na kukunjamana. Chini ya mwanga mbaya hudhurungi hugeuka kijivu, na tofauti hiyo hupungua. Zilizovunda huingia ndani ya njema, na kesho yake mizani ikiwekwa, mzigo mzima hushushwa daraja. Kazi ya miezi huharibika kwa tochi ya kukisia.

Tunajua hoja ya upande wa pili. Tochi yenye uaminifu wa rangi huuzwa ghali zaidi, na kwa betri ile ile hutoa mwanga pungufu kidogo. Ni kweli yote mawili. Lakini anayechambua karafuu hamuliki upande wa pili wa bonde. Amulika jamvi lililo mbele ya magoti yake. Hahitaji ukali mwingi. Ahitaji kuona kweli.

Kwa hiyo shauri letu kwa kamati ni hili: chama kisinunue tochi ya aina moja kwa kazi zote. Kwa ulinzi wa mashamba na njia za usiku, zinunuliwe zenye mwanga uendao mbali. Kwa kuchambua na kukagua, zinunuliwe zenye CRI 90 au zaidi, za Kelvini kama 4,000, zenye mwanga mpana usiochoma macho. Chache zinatosha, kwani watu kumi huweza kukaa kuzunguka moja.

Na asiyetaka kusoma boksi ana njia rahisi ya kupima. Chukua gao la karafuu kavu, njema na mbovu zikichanganyika, uziangalie kivulini mchana. Kisha ingia chumba cha giza umulike. Tazama na kiganja chako: damu ikionekana chini ya ngozi, tochi hiyo yafaa, kiganja kikiwa kama cha maiti, mrudishie mwenye duka. Twawaomba wanachama waje na tochi zao katika mkutano ujao, wakubwa kwa wadogo, tuzipime zote mbele ya macho ya wote kabla fedha za chama hazijatoka.