Nani Kasema Kiswahili Hakijui Divai?

Kuna uongo mmoja unatembea mjini kwa suti na tai: eti Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya taarabu, lakini ukifika kwenye mambo "mazito" sharti uvue viatu uingie kwenye Kiingereza. Nimeusikia kwenye sayansi, nimeusikia kwenye sheria. Mwaka 2019 nikausikia kwenye divai, na hapo uvumilivu ukanishinda.

Nilikuwa Haro, mji mdogo wa La Rioja, kaskazini mwa Hispania, na mshikaji wangu mmoja, mwandishi kama mimi, msomi kwelikweli. Karibu na stesheni ya reli ya mji ule kuna maghala ya divai ya tangu karne ya 19, enzi ambazo mdudu filoksera aliteketeza mizabibu ya Ufaransa na wafanyabiashara wa huko wakavuka mpaka kutafuta divai. Katika ghala mojawapo mzee mmoja alitufungulia chupa ya Gran Reserva ya mwaka 2001.

Msomaji usiyekunywa, usininunie. Hoja yangu si ulevi, ni maneno.

Gran Reserva si jina la mbwembwe. Sheria ya Rioja inataka divai nyekundu ya daraja hilo ikomazwe miaka isiyopungua mitano kabla ya kuuzwa, na angalau miwili kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mwaloni. Hii yetu ilikuwa na miaka 18 tangu mavuno. Rangi ya zambarau ilishaikimbia. Ukiinamisha glasi, ukingoni ilikuwa kama tofali la kuchoma.

Tukaonja. Mshikaji akatoa kijidaftari akaandika: "Ina mwili uliojaa, miguu mirefu, na pua ya cheri."

Nikamwuliza, "Hiyo ni divai au mlimbwende?"

Akanicheka. "Bwana we, Kiswahili hakina maneno ya vitu hivi. Tutafsiri tu, tutafanyaje?"

Haya, tuichambue hiyo tafsiri. "Miguu" ni yale matone yanayoteremka ndani ya glasi ukishaizungusha. Wanaoyaita miguu ni Waingereza. Wahispania, wenye divai yao, huyaita lágrima, yaani chozi. Kwa hiyo mwenzangu alisimama Hispania, akanywa cha Mhispania, akakieleza kwa Kiingereza kilichovishwa kanzu! Na hiyo cheri, aliila wapi? Nilimbana mpaka akakiri: juu ya keki.

Mimi nikarudia funda, nikalizungusha mdomoni. Mwishoni, kwenye fizi, kitu kikanibana kidogo kisha kikaachia. Jina lake ninalijua tangu utoto: ukakasi. Kila aliyewahi kuiba ndizi mbichi au kufyonza bibo anaujua. Wanakemia watakwambia sababu yake ni tanini, zitokazo kwenye maganda na kokwa za zabibu na kwenye mbao za pipa. Sawa, tanini tuiazime, ni jina la kikemia. Lakini kile kinachobana mdomo kilishapewa jina na bibi zetu.

Mzee akaniuliza ninahisi nini. Nikamweleza habari za ndizi mbichi kwa Kihispania changu cha kuungaunga. Hakucheka. Aliuliza tu: umekuja mwanzoni au mwishoni? Unaparuza au ni laini? Nikajibu: mwishoni, na laini. Basi akaeleza kuwa divai ikiwa changa ukakasi wake huparuza. Miaka ikipita, tanini hushikana, nyingine huzama chini zikawa mashapo, na mdomo ukapata nafuu. Ndiyo maana alikuwa ameimimina taratibu vile. Kumbe ndizi mbichi ilitufikisha mahali ambapo "mwili uliojaa" usingefika.

Nyuma ya ukakasi kulikuwa na uchachu wa mbali, kama wa ukwaju. Zabibu kavu. Ngozi ya mkoba wa zamani. Tumbaku kabla haijawashwa. Na vanila, ambayo hakuna aliyeitia. Hiyo hutoka kwenye mbao za pipa. Haya yote nimeyaandika na viatu vyangu miguuni.

Sasa, waandishi wenzangu, tuambizane ukweli. Tatizo si Kiswahili, ni sisi. Tukikutana na kitu kigeni tunakimbilia kuuliza Wazungu wamesemaje, kabla hatujauliza ulimi wetu umehisi nini. Na ugonjwa huu hauishii kwenye divai. Tazameni hadithi zetu wenyewe: watu waliokuwa wakipendana kwa Kiswahili miaka nenda rudi, leo eti "wanaanguka katika mapenzi". Wanaanguka! Wamejikwaa wapi? Msomaji kijana akisoma hayo anaona lugha yake maskini, anaikimbia, na sisi tulioifukarisha tunabaki kulalamika kuwa hatusomwi.

Onja kwanza, ndipo uandike. Neno likikosekana kweli, azima, wala si aibu. Lakini usibishe hodi kwa jirani kuomba chumvi na kwako gunia limejaa.

Mshikaji wangu bado hajakubali. Ameapa kunijibu humu humu. Namsubiri, ila hiyo miguu aiache Haro.