Kuvuta Si Kazi, Kazi Kusimama

Ndugu msomaji, najua umezoea kukuta hapa mashairi na visa vya mapenzi. Hata mimi nina riwaya yangu daftarini, haijaisha. Leo naiweka kando nizungumzie tela. Utaniuliza, mwandishi na tela wapi na wapi? Ngoja kidogo.

Sisi wa Malinyi msimu wa mpunga tunahama. Nyumba inafungwa, familia inakwenda kukaa kibandani shambani miezi kadhaa: kulima, kuamia ndege, kuvuna. Wazungu hufunga karavani nyuma ya gari dogo la familia wakaenda likizo. Sisi tunafunga tela la kuchomelea, ekseli yake ya pikapu iliyokufa, nyuma ya Corolla ya jirani, tukaenda kutafuta chakula cha mwaka. Sisemi ni kosa. Kukodi lori ni ghali, na gari dogo likivuta tela dogo ni jambo la akili. Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu: "Litavuta tu!"

Bwana we, nani kasema halitavuta? Swali ni hili: je, litasimama?

Tupige hesabu. Corolla ina uzito wa kama tani 1. Pakia magunia 6 ya lumbesa, kila moja limepita kilo 100. Hapo umevuka kilo 600, na tela lenyewe hujalipima. Tela hilo halina breki. Linategemea breki za gari. Dereva akikanyaga, gari linataka kusimama, tela linasema twende. Uingereza, kwenye karavani tele, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi nusu ya uzito wa gari, wala kilo 750. Tena ni kosa mtu kukaa ndani ya karavani likiwa linavutwa. Wenzetu wenye lami wanaogopa, sisi wenye tope na vumbi tunajifanya mashujaa!

Mwaka niliomaliza kidato cha nne tulikuwa tunarudi na mavuno, njia ya Mtimbira. Mdogo wangu alikaa juu ya magunia, eti ashikilie kuku. Kwenye kijiteremko cha kuingia darajani dereva alishika breki. Tela likalisukuma gari, gari likakaa mshazari, tela likalala. Mkono wa kulia wa mdogo wangu uliunga vibaya. Siku hizi anaandika kwa kushoto, polepole, na mwalimu akisoma imla yeye huachwa nyuma.

Wazee walikuja kutupa pole. Wakasema, "Ajali haina kinga."

Nawaheshimu wazee wangu, lakini msemo huo naukataa. Kinga ilikuwepo! Kupunguza magunia matatu na kurudi safari ya pili, hiyo ni kinga. Kuweka mzigo mzito chini, karibu na ekseli, ukiegemea mbele kidogo, maana tela lililolemewa nyuma huyumba kama mlevi. Kufunga mnyororo wa akiba pale tela linaposhikana na gari. Kuweka taa nyuma. Kwenda taratibu, na tela likianza kuyumba kuachia mafuta pole pole, si kukanyaga breki kwa hofu wala kuongeza mwendo. Yote hayo hayahitaji mfadhili. Mnyororo tunao, tunafungia mbwa.

Mtu atasema, safari ya pili ni mafuta, na mafuta ni fedha. Kweli. Mwambie basi aweke mkono wa mtoto kwenye mizani, upande wa pili aweke lita zake tano, atuambie upi umezidi.

Tangu mwaka 2018 mto Kilombero tunauvuka juu ya daraja la mita 384. Tulilililia daraja miaka mingi, na tulikuwa na haki. Lakini daraja haliwezi kumshusha mtoto juu ya magunia. Hiyo ni kazi yetu.

Nasema kwa ukali kwa sababu sina pa kujificha. Siku ile dereva hakumpandisha mdogo wangu. Mama hakumpandisha. Nilimpandisha mimi, nikampa kuku, nikasema: "Shikilia, litavuta tu."