Tuutembelee Msitu Unaotunywesha

Katika nchi nyingi zilizojaliwa milima na mito, maji ya miji huhifadhiwa katika mabwawa makubwa, na wananchi hupenda kutembea kandokando ya mabwawa hayo siku za mapumziko. Hupita msituni, wakayazunguka maji, kisha wakarejea pale pale walipoanzia. Mtembezi wa huko huyaona kwa macho yake maji atakayoyanywa nyumbani kwake. Sisi wa Unguja hatuna bwawa la namna hiyo. Bwawa letu limo ardhini, na sehemu muhimu ya paa lake ni Msitu wa Masingini.

Msitu huo umekaa juu ya mgongo wa ardhi nyuma ya Bububu, sehemu iliyoinuka kiasi cha mita 120 kutoka usawa wa bahari, na kisiwa chetu hakina pahala palipoinuka zaidi ya hapo. Msitu ndio unaozilinda chemchemi za Bububu na Mwanyanya. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta Mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya Bububu, na hadi leo wakaazi wa Mjini wananufaika na chemchemi hizo mbili.

Kazi inayofanywa na msitu haina kelele, na pengine ndiyo sababu tunaisahau. Mvua ya masika inapoanguka, majani huipokea na kuipunguza nguvu. Majani makavu yaliyotandaa chini huyazuia maji yasikimbilie bonde, na mizizi huyafungulia njia ya kuzama ardhini. Ondoa miti, maji hayo hayo yatateremka kwa kasi yakichukua udongo, yakafurika mabondeni, na kiangazi chemchemi itapungua. Jenga nyumba juu yake, na uchafu wa mashimo ya vyoo utafuata njia ile ile iliyofuatwa na mvua.

Hatari hii si ya kufikirika. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 893,169. Watu hao wote wanahitaji maji, na wengi wao wanahitaji viwanja. Hatumlaumu mwananchi anayetafuta pa kujenga. Lakini msitu usiotembelewa na mtu, machoni pa wengi huwa ni pori tu, na pori halikosi wa kulimezea mate.

Kwa hiyo tunashauri kwamba njia za miguu za Masingini zitengenezwe na kuunganishwa ziwe njia moja ya mzunguko: ipande hadi mgongoni, ipite chini ya miti mikubwa, iteremke karibu na chemchemi, na imrejeshe mtembezi alipoanzia. Isiwe safari ya mashujaa. Iwe ya kumtosha mzee mwenye afya na mtoto wa skuli kwa asubuhi moja. Akiwa na bahati, mtembezi atawaona kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili popote duniani isipokuwa Zanzibar, ambao baadhi yao walihamishiwa msituni humo katika miaka ya 1970.

Wapo watakaosema kwamba miguu mingi itauharibu msitu huo huo tunaotaka kuuhifadhi. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana tunasema njia iwe moja, iwe na alama, watembezi waongozwe kwa makundi madogo, na pasiwe na ruhusa ya kuifikia midomo ya chemchemi wala kuacha takataka. Jozani imetufundisha kwamba jambo hili lawezekana: wageni hutembezwa kwa utaratibu, na vijiji jirani hupata fungu katika ada. Masingini nayo iwape vijana wa shehia zinazoizunguka kazi ya kuongoza na kulinda.

Tofauti tunayoitaka ni moja. Masingini isiwe ya watalii peke yao. Mwananchi aingie bila ya malipo au kwa kiasi kisichomwelemea, na kila skuli ya Mjini ipange siku yake. Aidha, tungewaomba maofisa wanaohusika na ardhi, maji na ujenzi wauzunguke msitu huo kwa miguu kabla ya kutia saini karatasi yoyote inayougusa mpaka wake. Ramani huonesha mstari. Haioneshi maji yanayopita chini ya mstari.

Nao wananchi wanaoishi pembezoni mwa msitu wana wajibu wao. Anayekata kuni au kusogeza ua wake usiku anaupunguza mfereji wake mwenyewe na wa jirani yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na maji ya ardhini yakishachafuka, hata huo ukuta wa kujenga haupo.