Kabla ya Kupanda Ndege, Panda Ngazi za Ploti

Leo nina neno zito moyoni, na linaanza na kosa langu mwenyewe.

Jumapili iliyopita, kabla ya ibada ya pili, watu wawili walinijia. Wa kwanza ni binti yetu aliyepata nafasi ya kujitolea kwa miezi sita katika mradi wa afya ya jamii, kusini mwa Afrika. Aliomba tumwombee na tumfanyie harambee ya nauli. Nilifurahi! Nikamwita mbele, tukamnyooshea mikono, akina mama wakapiga vigelegele.

Wa pili ni mama wa hapa hapa Kayole, mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale wanaopita mlango kwa mlango na mkoba mgongoni. Hakuomba pesa. Aliomba dakika mbili tu awakumbushe watu kutibu maji ya kunywa na kuwapeleka kliniki watoto waliokosa chanjo. Nikamwambia, "Mama, leo ratiba imejaa. Ngoja Jumapili ijayo." Akasema, "Sawa Pasta," akarudi kuketi.

Usiku ule sikupata usingizi. Roho Mtakatifu alinihoji: hawa wawili wanafanya kazi moja. Mbona mmoja umempa madhabahu, na mwingine umemnyima dakika mbili?

Mpendwa, tuseme ukweli. Tumezoea kuheshimu huduma ikiwa na viza. Mtu akienda mbali tunasema ameitwa. Akihudumu Soweto, Matopeni au Masimba tunasema hana kazi.

Hebu iangalie kazi ya yule mama. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari, na simu ya kuandikia ripoti. Kila mmoja hutunza kama nyumba 100. Posho iliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Igawanye kwa siku 30: ni kama shilingi 166 kwa siku. Kwa hizo, anapanda ngazi hadi orofa ya tano kumtafuta mgonjwa wa TB aliyeacha dawa. Dawa za TB kwa kawaida humezwa miezi sita, lakini wengi wakipata nafuu mwezi wa pili wanaziacha. Ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi, na anakohoa katika chumba kimoja alimo na watoto. Kipindupindu nacho kimeshatupiga hapa Nairobi zaidi ya mara moja. Kinapoingia ploti, wa kwanza kujua ni yule mama, kwa sababu anajua nani hajatoka nje tangu jana.

Sasa fungua Marko 5. Yule mtu wa makaburini, baada ya kufunguliwa, alimsihi Yesu apande naye mashua. Ombi zuri, ombi la kiroho kabisa! Lakini Yesu hakumruhusu. Alimrudisha nyumbani, kwa watu wake, akawaambie alivyotendewa. Naye akaenda akahubiri Dekapoli yote. Si kila anayetaka kupanda mashua amepewa mashua. Wengine Bwana amewapa mtaa wao.

Je, nasema watu wasiende? Hapana! Soma Matendo 13. Roho alisema Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi aliyowaitia. Lakini aliwakuta wapi? Aliwakuta tayari wakihudumu Antiokia. Mwisho wa sura ya 14 walirudi Antiokia, wakakusanya kanisa, wakatoa ripoti. Waliitwa wakiwa kazini, wakatumwa na kanisa, wakarudi kwa kanisa. Huo ndio mpango.

Na Wakenya tumewahi kutuma. Januari 2015, Ebola ilipokuwa ikiua maelfu Afrika Magharibi, wahudumu wa afya 170 kutoka hapa kwetu waliagwa kwenda Liberia na Sierra Leone. Wengine waliukimbia ugonjwa ule, hawa wakaufuata. Mungu awakumbuke. Lakini hata kule, daktari mgeni hakuweza kushinda peke yake. Ilibidi wenyeji wapite nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliogusana na wagonjwa. Ilibidi wachungaji na maimamu wawaambie watu wao wasiwaoshe maiti kama walivyozoea. Mgeni analeta ujuzi, lakini mlango unafunguliwa na jirani.

Kwa hiyo kijana wangu unayetamani kwenda, nina maswali matatu kwako, kama baba.

La kwanza: hapa Kayole umemhudumia nani? Kama hujawahi kumsindikiza hata mgonjwa mmoja hadi hospitali ya Kayole II, ndege haitakugeuza mhudumu.

La pili: nani anakupokea, na nani anakudai pesa? UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wanaojitolea, haumtozi mwombaji ada yoyote. Ukiona ajenti anadai "ada ya usajili" kwa simu, au anasema pasipoti yako itakaa kwake, kimbia kama Yusufu. Huo si utumishi, ni mtego. Lete karatasi ofisini tuzisome pamoja kabla hujatuma hata shilingi.

La tatu: utarudi lini, na utatuletea nini? Miezi sita si ya picha na watoto wa watu. Wewe mwenyewe umewaona wageni wakija mtaani wiki mbili, wakapiga picha, wakapotea. Usiende kuwafanyia wengine hivyo.

Binti yetu nimemuuliza hayo matatu, na amejibu vizuri. Ataenda na baraka zetu. Lakini kabla ya safari ameomba azunguke na yule mama, mlango kwa mlango, ajifunze. Nimesema amina!

Jumapili hii harambee iko pale pale, lakini tutakuwa na vikapu viwili. Kimoja ni cha nauli ya binti. Cha pili ni cha wahudumu wetu wa afya wa hapa: viatu vya mvua, kredo ya simu, na nauli ya mgonjwa asiyejiweza. Usijaze kimoja ukapita kingine. Na kabla sijafungua Biblia, yule mama atasimama mbele. Si dakika mbili, ni kumi. Mama, ukisoma hapa, nisamehe.

Baba, tupe macho ya kumwona mtumishi wako hata kama hajabeba sanduku la safari. Katika jina la Yesu.

Kama umekubali, andika AMINA. Halafu weka simu chini, ukamjulie hali jirani yako.